Saa Zilizo Baina ya Zamu na Zamu

Hotuba kwa wafanyakazi na mameneja wa hoteli, Nungwi, Kaskazini Unguja

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa mameneja, viongozi wa wafanyakazi, wazee wa Nungwi mliotupa ukumbi huu, kina mama wa usafi na wa jikoni, vijana wa mapokezi, wa bustani na wa ulinzi: wakubwa zangu shikamooni, na wadogo marahaba kabla hamjaniamkia.

Nimeombwa nizungumzie afya kazini. Mtu akiitwa kwa jambo hilo hutarajiwa aje na glavu, na buti, na kizimamoto mkononi. Mimi nimekuja na rosta tu. Dada mmoja wa usafi kaniazima, kwa sharti nisimtaje yeye wala pahala anapofanya kazi. Rosta yenyewe imepangwa vizuri, haina kasoro ya maandishi: nani anaingia saa ngapi, anatoka saa ngapi, nani yuko ofu. Kitu kimoja tu hakimo. Haikuandikwa popote kwamba baina ya kutoka na kuingia tena mtu huyu kabakiwa na saa ngapi. Aliyeipanga hakuzihesabu. Anayeifuata hazihesabu. Mhasibu ndiyo kabisa, maana hazilipiwi. Kwa hivyo leo saa za kazi nitaziacha zilipo, nizungumzie saa hizo zisizolipiwa, kwa sababu mimi ni muuguzi, na maradhi mengi ninayoyaona kwa wafanyakazi naona yanaanzia humo.

Tumchukue veita, kijana wa Fuoni, kazi yake huku Nungwi. Jana alikuwa zamu ya jioni, anatoka saa 5 za usiku. Leo yuko asubuhi, anaingia saa 12 kutandika kifungua kinywa. Kwa karatasi, kapumzika saa 7. Haya, tufuatane naye. Saa 5 kazi imekwisha, lakini gari la wafanyakazi haliondoki mpaka jikoni wamalize kusugua majiko, na kuna meza moja ya wageni bado wanacheka na aliyebaki kuwahudumia lazima angojwe. Gari linang'oa saa 5 na dakika 40. Linashusha watu Kinyasini, linashusha Mahonda, na yeye anafika kwao saa 7. Hawezi kulala na jasho la kutwa, anaoga. Hawezi kulala na njaa, anafunua kawa, anakula wali uliopoa. Usingizi unamchukua saa 8 kasorobo. Saa 10 za alfajiri simu inalia, kwani gari linampitia barabarani saa 10 na nusu. Hesabuni wenyewe. Saa 7 za rosta zimezaa saa 2 na robo za usingizi. Na huyu hana mtoto mchanga ndani.

Naona mnatazamana. Basi siye peke yake.

Zamu za namna hii, kutoka usiku ukarudi asubuhi, wenzetu wa Ulaya wamezichunguza sana, hasa kwa wauguzi. Wanachokiita kurudi haraka ni kurudi kazini kabla hazijapita saa 11. Kima hicho cha saa 11 mfululizo kimo katika sheria ya Umoja wa Ulaya tangu 1993, na kimerudiwa katika sheria ya 2003. Hesabu yake ni nyepesi: ukitoa njia ya kwenda na kurudi, ukatoa kuoga, kula na kukaa kidogo na watu wako, ndani ya saa 11 unaweza kubakiwa na usingizi wa saa 7, na hizo saa 7 ndizo kiwango cha chini wanachoshauriwa watu wazima. Huko Norway watafiti walizifuata zamu za wauguzi kwa kutumia kumbukumbu za hospitali wenyewe, bila ya kumuuliza mtu "unajisikiaje". Waliokuwa na zamu nyingi za kurudi haraka mwezi mmoja, ndio waliochukua siku nyingi zaidi za ugonjwa mwezi uliofuata. Mameneja, hilo nimelileta kwenu. Mtu mnayedhani mmemuwahi kwa zamu moja mnakuja kumkosa kwa wiki nzima, na cheti cha daktari anacho mkononi.

Sasa mwili unafanya nini ndani ya hizo saa? Usingizi haufanani mwanzo na mwisho. Sehemu ya kwanza ya usiku ndiyo yenye usingizi mzito, na hapo ndipo mwili unapotoa kwa wingi homoni ya ukuaji, ambayo kwa mtu mzima inasaidia kukarabati misuli iliyochoka. Mama aliyegeuza magodoro kutwa, mgongo wake unatengenezwa hapo. Sehemu ya mwisho, ya kuelekea alfajiri, ndiyo yenye ndoto nyingi, na inasaidia akili na hisia kukaa sawa. Anayelala saa mbili na robo, ile ya mwisho karibu yote imempotea. Ndiyo mnamuona mtu anafanya kazi, mikono inakwenda, lakini mgeni akiuliza neno dogo anajibiwa kwa ukali. Tunasema kijana ana kiburi. Pengine usingizi tu.

Halafu moyo. Kwa mtu mzima mwenye afya, presha hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20. Huo ndio muda wa moyo na mishipa kupata nafuu. Ukiufupisha usiku, unaufupishia moyo nafuu yake. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu zao 2021: mwaka 2016 peke yake, watu wapatao 745,000 walikufa duniani kwa kiharusi na maradhi ya moyo yanayohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Anayefanya kazi saa hizo, hatari yake ya kiharusi inazidi kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Mtu atasema hizo ni saa za kazi, na wewe ulisema huzungumzii saa za kazi. Kweli. Lakini siku haina saa ya 25. Kila saa ya ovataimu imekatwa kutoka pahala, na inakatwa pale pale, baina ya zamu na zamu.

Na sukari. Chicago, 1999, walichukuliwa vijana 11 wazima wa afya, wakalazwa saa 4 tu kwa usiku, kwa siku 6. Miili yao ikaanza kushindwa kuishughulikia sukari, namna inavyoonekana kwa watu wazima sana au wanaoelekea kwenye kisukari. Siku 6, vijana. Hapa kwetu kila nyumba ina mtu wa sukari au wa presha, na tunalaumu chai ya maziwa na mandazi. Mandazi yana lawama yake, siyatetei. Lakini muulize na mgonjwa analala saa ngapi.

Kuna neno nalisikia kila ninapokwenda: "Mimi nishazoea." Anayesema hivyo husema kwa fahari, na wenzake humsifu. Naomba leo tuliangalie kwa makini, kwa sababu ndilo linalotudanganya kuliko yote. Marekani, 2003, watu walilazwa saa 6 kwa usiku, wiki mbili mfululizo. Saa 6, wengi wetu hapa tungeshukuru. Wakipimwa wepesi wa kuitikia na umakini. Kila siku walipungua kidogo, na mwisho wa wiki mbili wengi walikuwa wamefika hali ya mtu aliyekesha usiku mmoja au hata miwili mfululizo. Ajabu yake ni hii: wenyewe wakiulizwa, walijiona wana usingizi kidogo tu. Kwa maneno mengine, kipimo cha ndani kinachotwambia kwamba tumechoka kinaharibika mapema kuliko uwezo wenyewe. Ni kama daftari la mkopo la dukani ambalo mwenye duka kaacha kuandika: deni lipo, ila hulioni. Basi mtu akikwambia kazoea, anakwambia alivyojiona. Vyombo anavyovunja na vidole anavyojikata vinasema vyengine.

Nifike kwa dereva. Huyu simuoni ukumbini, na nadhani najua kwa nini: yuko kwenye gari, analala. Yeye ndiye anayewapeleka wa zamu ya jioni mpaka Mjini, na ndiye anayewazungukia wa asubuhi kabla ya adhana. Veita wetu kalala saa mbili na robo. Dereva wake, aliyeshusha watu baada yake na akaanza kukusanya watu kabla yake, kalala ngapi? Watafiti wa Australia walionesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, utendaji wake unafanana na wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, na hicho ndicho kiwango kinachopigwa marufuku kwa madereva katika nchi nyingi. Na tunajua kwamba baina ya saa 9 na saa 11 za alfajiri, joto la mwili linashuka chini kabisa na usingizi unakuwa mkali kuliko saa yoyote, hata kwa aliyelala vizuri mchana wake. Ndiyo saa hiyo hiyo gari lenu liko njiani. Sisi ni watu tusiogusa tone, alhamdulillahi, na tunapanda gari na mtu ambaye kwa macho na mikono yake hana tofauti na mlevi. Kosa si lake. Hakuna rosta yenye jina lake. Ikiwa mtatoka hapa na jambo moja tu la kufanya kesho, basi muwe na madereva wawili.

Walinzi nao wana lao. Mlinzi anatoka saa 1 asubuhi, anarudi saa 1 usiku. Saa 12, utasema huyu kapata haki yake na zaidi. Lakini usingizi wa mchana hauko sawa na wa usiku. Saa ya ndani ya mwili imeshaamka na jua. Unalala, unaamshwa na mwili wenyewe baada ya saa 4 au 5. Na hapo sijaongeza mabati ya mwezi wa Februari, kaskazi imelegea, umeme umekatika na feni imesimama, watoto wanacheza nage uani, na jirani anatwanga. Anayelala mchana anahitaji chumba chenye kiza na hewa, na anahitaji nyumba nzima ijue kwamba huyu yuko usiku wake. Hili hospitali na hoteli haziwezi kulifanya. Ni sisi, familia. Tunamuona mtu kalala saa 5 asubuhi tunamwita mvivu, tunamtuma dukani.

Kuna pumziko jengine ambalo halihusiani na kitanda. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Sabine Sonnentag, kwa miaka mingi amechunguza nini kinamrudishia mfanyakazi nguvu jioni, na jambo analolirudia ni kuivua kazi akilini. Mwili uko nyumbani, je, na akili imerudi? Na ameonesha jambo la kusikitisha: wale waliochoka zaidi, wenye kazi nzito zaidi, ndio wanaoshindwa zaidi kuivua. Sasa tizameni simu zenu. Gurupu la kazini. Saa 4 za usiku supavaiza anaandika: "Nani kaacha chumba 12 bila taulo?" Kashauliza. Watu 40 wameshasoma, 39 hawahusiki, na wote 40 moyo umewaruka. Kwa saa nyingine nzima mtu kalala chali anahesabu taulo. Meneja hakulipa hata shilingi kwa saa hiyo, na mfanyakazi kaifanya kazi. Taulo lingengoja asubuhi.

Na niseme la kina mama, ingawa najua kina baba watainamisha vichwa. Mwanamme akifika nyumbani, saa za mapumziko zimeanza. Mwanamke akifika, zamu ya pili imeanza: maji, moto, sare za skuli, mama mkwe ana homa. Tukimpa saa 11 kwenye rosta na nyumbani akapokewa na ndoo, hatujampa kitu. Sharia imemwekea mume wajibu kwa mkewe, na sijasoma pahala palipoandikwa kwamba mwanamme akifua nguo zake mikono inakatika. Hapo naishia, maana mimi si shekhe.

Watu watasema: haya mambo ya kuhesabu saa ni ya wazungu, wazee wetu walifanya kazi kutwa kucha. Wazee wetu walifanya kazi ngumu, hilo halina ubishi. Lakini nendeni Kizimkazi, nendeni Kama, muwatazame wavuvi wa dagaa. Wanavua usiku kwa taa. Mwezi ukishakuwa mkubwa, taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki, na vyombo vinalala. Kwa hivyo kila mwezi mvuvi ana siku zake za kulala kwake, kushona nyavu, kwenda harusini. Kina mama wa mwani wa Paje na Jambiani wanaingia baharini kwa maji ya bamvu. Maji yakiwa mafu, kule hakuna la kufanya. Sisemi kazi zile ni raha. Mtu anarudi na miguu imechanika, na bei ya mwani mnaijua. Nasema tu kwamba mapumziko yalikuwa ndani ya kazi yenyewe, bahari ndiyo iliyokuwa ikiyapanga, na hakuna tajiri aliyeweza kuiamrisha. Hoteli haina mwezi mpevu. Julai na Agosti imejaa, Disemba imejaa, na taa haizimwi. Kitu ambacho bahari ilikipanga bure, huku lazima kipangwe na mtu kwa kalamu.

Hapo ndipo linapokuja suala la kulimbikiza ofu. Msimu ukipamba moto mnaambiwa: fanyeni sasa, ofu zenu mtazichukua Aprili, masika, wageni wakipungua. Kwa mfuko wa hoteli hesabu hiyo inakwenda. Kwa mwili haiendi. Uchovu wa Agosti unaondolewa Agosti. Usingizi wa Aprili hauwezi kurudi nyuma ukakitengeneza kiharusi cha Disemba.

Sheria. Mambo ya kazi si ya Muungano, kwa hivyo sisi tuna yetu: Sheria ya Ajira, Namba 11 ya 2005, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka huo huo. Zisomeni pamoja na mikataba yenu, na penye utata Kamisheni ya Kazi ipo. Bara wana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na kifungu chake cha 24 kinampa mfanyakazi saa 12 mfululizo baina ya kumaliza kazi na kuanza tena, na saa 24 kila wiki. Kinaruhusu saa 12 zishuke mpaka 8, kwa makubaliano ya maandishi, ikiwa mfanyakazi anaishi hapo hapo kazini, au ikiwa kazi yake ya kutwa imekatwa na mapumziko yasiyopungua saa 3. Nimelitaja hilo la mwisho kwa sababu zamu ya vipande viwili mnaijua: asubuhi kifungua kinywa, jioni chakula cha usiku, na mchana "kapumzike". Akapumzike wapi? Nyumbani ni mbali. Wengi nawaona chini ya mikungu, viatu vimevuliwa, kichwa juu ya begi. Hoteli yenye vyumba mia haikosi chumba kimoja chenye feni na mikeka. Kailula ya dakika 20 baada ya adhuhuri ni sunna, na wataalamu wa usingizi nao wanaiunga mkono. Sijui tunangoja ruhusa ya nani.

Ninayoyaomba kwa mameneja hayahitaji bajeti kubwa. Mtu wa zamu ya jioni asiandikwe asubuhi ya kesho yake. Zamu zizunguke kwenda mbele, asubuhi kisha jioni kisha usiku kisha ofu, kwa sababu saa ya ndani ya mwanadamu ni ndefu kidogo kuliko saa 24, kwa wastani inazidi kwa dakika 11 hivi, na kuchelewa kulala kwake ni rahisi kuliko kuwahi. Anayefunga baa usiku wa manane na hana budi kurudi mapema, apewe kitanda hapa hapa. Ramadhani ndiyo msiguse kabisa mtindo wa jioni na asubuhi, kwani usingizi wa mwenye kufunga umeshakatwa na tarawehe na daku. Na kwenye rosta, pembeni ya kila jina, kaandikeni saa zilizobaki baina ya zamu na zamu, tena mzihesabu kutoka mlango wa nyumba yake mpaka mlango wa nyumba yake, na si lango la hoteli. Mkizihesabu hivyo, mengine mtayaona wenyewe bila ya mimi.

Wafanyakazi nao wana yao. Kahawa ya barazani saa 2 za usiku, nusu ya nguvu yake bado iko mwilini saa 7. Na ukishatoka kazini usipitie kwenye kazi ya pili ya bodaboda mpaka usiku wa manane, kisha ukaja kuilaumu rosta. Najua mshahara hautoshi. Hilo ni la kikao chengine, na mkiniita nitakuja.

Nimeambiwa gari la zamu ya mchana linaondoka saa 8 kamili, na sasa ni saa 7 na nusu. Wenye zamu hiyo waulize kwanza. Na kama kuna aliyekwishasinzia hapo nyuma, tafadhali msimuamshe.